Bagi ya rimoti kwa mchanga wa Mtwara na Lindi: nini kinunuliwe kwanza, nini kisubiri

Wengi wenye bagi (gari dogo la rimoti) ya umeme ya kipimo cha 1/10, yaani moja ya kumi ya gari halisi, wakipata fedha ya kuiboresha hukimbilia mota. Kwa ardhi ya huku kusini huo ni mpangilio uliopinduka. Mchanga wa pwani, hewa ya chumvi na vumbi la changarawe huanza kula beringi, giya na shokapu siku ya kwanza, na mota kali huharakisha ulaji huo. Ndiyo maana hapa mota imewekwa chini kabisa ya orodha. Tumepanga vitu kwa kuangalia kimoja tu: fedha ipi inaliweka gari barabarani muda mrefu zaidi kabla ya kulifungua tena mezani.

Bei ni za makadirio, kwa dola, kama zilivyo kwenye maduka ya mtandaoni kabla ya usafiri na ushuru. Vipuri hivi ni nadra kwenye maduka ya Mtwara mjini au Lindi, kwa hiyo agiza vingi kwa mkupuo mmoja. Mzigo mdogo mmoja mmoja utakula fedha kwenye nauli kuliko kwenye kipuri chenyewe.

Kabla ya kuagiza, chukua kalipa ya vernia na karatasi. Andika ukubwa wa kila beringi au bushi, upana wa nati ya pembe sita inayoshika rimu (nyingi ni milimita 12, na bagi za 1/8 ni 17), urefu wa shokapu kutoka tundu hadi tundu zikiwa zimenyooka, aina ya plagi ya betri, na idadi ya nyaya zinazotoka kwenye sevo (mota ndogo inayogeuza usukani). Dakika ishirini za kupima zinaokoa mwezi wa kusubiri kipuri kisichoingia.

1. Beringi zenye kizibo cha mpira (dola 10 hadi 20 kwa seti)

Hapa ndipo pa kuanzia, bila mjadala. Magari mengi ya kuunga mwenyewe huja na bushi za plastiki mahali pa beringi. Mchanga ukichanganyika na grisi ndani ya bushi unakuwa msasa: tundu linapanuka, ekseli ya chuma inalika, tairi inaanza kucheza, na giya zinaacha kukutana sawasawa. Wakati unasikia mlio, tayari umepoteza vipuri vitatu badala ya kimoja.

Saizi zinazorudiwa sana kwenye 1/10 ni 5×11×4, ambayo namba yake ni MR115, na 5×10×4, ambayo ni MR105. Kwenye difu utakuta 10×15×4, yaani 6700. Bagi za 1/8 hutumia sana 8×16×5, yaani 688. Jihadhari na 685ZZ: kipenyo chake ni 5×11 kama MR115, lakini unene ni milimita 5, si 4. Muuza beringi anaweza kukuambia ni zilezile. Ukiifunga, nati ya tairi inabana kabla tairi haijakaa, na ekseli inagoma kuzunguka.

Herufi baada ya namba ndizo zinazoamua. ZZ ni kizibo cha bati, kina uwazi mwembamba ambao vumbi la ufuko wa Msimbati hupita bila shida. 2RS ni kizibo cha mpira kinachogusa pete ya ndani. Inazunguka kwa uzito kidogo, na kwa mashindano ya ukumbini watu huikwepa kwa sababu hiyo. Huku chukua 2RS kila mahali.

Kuifunga: safisha kiti kwa pamba, sukuma kwa kidole ikiwa imelala sawa. Ikigoma, tafuta ukingo wa plastiki uliobaki na uukwangue kwa wembe. Usigonge kwa nyundo, wala usisukume kwa kubana pete ya ndani, maana gololi zitaacha alama na beringi itakwaruza toka siku ya kwanza. Baada ya kukaza tairi, bakisha mchezo mdogo sana wa kwenda na kurudi, karibu robo ya milimita.

Beringi iliyoingia mchanga inaokolewa hivi: ng'oa kizibo kwa ncha ya sindano, suuza kwa petroli kidogo ukiwa nje mbali na moto, kausha, weka matone mawili ya oili ya cherehani na grisi kidogo, rudisha kizibo. WD-40 inasafisha lakini hufukuza grisi na haibaki muda mrefu, kwa hiyo usiitegemee kama kilainishi. Ukizungusha kwa kidole na bado inakwaruza, itupe.

2. Tairi (dola 15 hadi 25 kwa jozi iliyokwisha gundishwa)

Tairi hubadilisha tabia ya gari kuliko kitu kingine chochote unachoweza kununua, na hakuna tairi moja ya kila mahali. Mikoa hii miwili ina ardhi za aina tatu hivi. Kuna mchanga mkavu laini wa juu ya ufuko. Kuna mchanga mgumu ulioachwa na maji yakipwa. Na kuna udongo mwekundu na changarawe ukienda bara, upande wa Newala, Masasi na Nachingwea.

Kwa mtu anayekimbia kila mahali, jozi ya kwanza iwe ya vijiti vya mpira vya urefu wa kati nyuma, na mbele tairi ya mistari ikiwa gari linasukumwa na magurudumu mawili. Mistari ya mbele inashika kona bila kuzuia mwendo. Gari la magurudumu manne lifungwe vijiti pande zote.

Tairi za makasia (zenye mabapa yanayochota mchanga) ni za mchanga mkavu tu. Zinachimba vizuri pale ambapo vijiti vinazama, ila kwenye changarawe makasia yanakatika haraka, na kwenye mchanga mgumu gari linarukaruka. Zinaibebesha mota mzigo mkubwa pia: ukizifunga, punguza pinioni (giya ndogo ya kwenye mota) meno mawili, la sivyo mota itachemka hata kama ni ya kawaida.

Angalia jambo ambalo wauzaji hawalisemi. Kwenye bagi nyingi za zamani za magurudumu mawili, rimu ya mbele haikai kwenye nati ya pembe sita. Beringi zinakaa ndani ya rimu yenyewe. Rimu ya milimita 12 haitaingia hapo hata uifanyeje.

Ukinunua tairi zisizogundishwa, sugua ukingo wa rimu kwa msasa laini, futa kwa spiriti, panga sponji ndani isijikunje, kisha weka supagluu nyepesi sehemu nne kwanza. Zikishika, maliza mzunguko, na acha saa nzima. Rimu nyingi zina matundu ya kupumulia, na humo ndimo mchanga na maji huingilia. Yazibe kwa utepe, halafu toboa matundu mawili madogo katikati ya tairi yenyewe, kila moja upande wake. Tairi ikizunguka itarusha maji nje. Sponji iliyojaa maji ya bahari hulifanya gari litetemeke hadi skrubu zinalegea.

3. Oili ya shokapu, na shokapu zenyewe ikibidi (oili dola 5 hadi 8 kwa chupa)

Gari lenye springi tupu bila oili hudunda kwenye mawimbi ya barabara ya changarawe, na tairi iliyo hewani haiendeshi wala haikati kona. Kama shokapu zako hazina oili, badilisha zote nne. Kwa 1/10 nyingi urefu ni karibu milimita 85 mbele na 100 nyuma, lakini fuata vipimo vyako.

Nunua oili ya silikoni, chupa mbili. Mahali pazuri pa kuanzia ni 425 cSt mbele na 350 cSt nyuma. Fuata namba ya cSt (kipimo cha uzito wa oili), kwa kuwa namba za “wt” hutofautiana kati ya kampuni na kampuni. Gari likigonga tumbo chini baada ya kuruka, panda ngazi moja ya oili kabla ya kugusa springi. Likidunda kwenye vibonde vidogo mfululizo, shuka ngazi moja.

Oili ya injini isitumike. Vioringi (pete za kuzuia kuvuja) vingi vya shokapu ni vya silikoni, na mafuta ya petroli huvivimbisha hadi mti wa shokapu (ufito unaoingia na kutoka) unakwama. Mafuta ya kupikia hugeuka ulimbo.

Kujaza: shusha pistoni hadi chini, jaza oili karibu na ukingo, pandisha na kushusha polepole mara kumi, kisha iache imesimama dakika kumi mapovu yatoke. Sukuma mti hadi nusu, funga kifuniko, futa oili iliyozidi. Ukibonyeza ukasikia mnyonyo wa maji, kuna hewa ndani, rudia.

Kinga mti wa shokapu kwa puto: kata shingo ya puto dogo, livishe kuanzia kikombe cha springi hadi mwilini mwa shokapu. Gharama yake ni ndogo mno, na vioringi hudumu zaidi kwa sababu mti haurudi ndani ukiwa na mchanga.

Kimo cha gari pia kinapimwa hapa, betri ikiwa ndani. Liangushe kutoka sentimita 30, liache litulie, pima chini ya chesisi: milimita 25 hadi 28 zinafaa kwa ardhi yetu isiyosawazishwa. Kimo cha 20 ni cha uwanja uliofagiwa.

4. Betri ya LiPo (litiamu-polima) na chaja ya kusawazisha seli

Vinunuliwe pamoja au visinunuliwe kabisa. Betri ya seli mbili ni volti 7.4, ikijaa inafika 8.4. Kabla ya yote hakikisha ESC yako (kidhibiti cha kasi ya mota) ina kikomo cha LiPo, yaani inakata umeme volti zikishuka mno, maana ile iliyotengenezwa kwa betri za NiMH itaendelea kunyonya hadi seli zinakufa. Kama haina, funga king'ora kidogo kwenye plagi ya kusawazishia, ukiweke volti 3.3 kwa seli. Kusoma uwezo wake ni hesabu rahisi: 5000 mAh kwa 30C inatoa ampea 150 kwa karatasi. Namba hizo hutiwa chumvi sana, kwa hiyo chukua iliyo na nafasi ya ziada.

Plagi nyeupe ya Tamiya huyeyuka ikipitisha mkondo mkubwa. Badilisha kwa XT60 au plagi ya T kabla haijakuharibia betri. Betri hizi zina masharti makali kwenye ndege, ndiyo maana mara nyingi ni rahisi kuinunua Dar es Salaam na kuiletea kwa basi. Usiiache ndani ya gari lililoegeshwa juani, ihifadhi ikiwa na volti 3.8 kwa seli, na chaji ukiwa karibu nayo, ikiwa juu ya sakafu ya saruji.

5. Sevo ya giya za chuma (dola 12 hadi 25)

Nguvu ya kugeuza ya kilo 9 hadi 10 kwa sentimita inatosha 1/10. Hesabu nyaya kwanza: magari madogo ya bei nafuu yana sevo ya nyaya tano iliyofungwa kwenye bodi moja na risiva (kipokea mawimbi ya rimoti), na hapo sevo ya kawaida ya nyaya tatu haifanyi kazi bila kubadilisha bodi nzima. Meno ya kichwa nayo yalingane na mkono wa usukani: Futaba ni 25, Hitec 24, Sanwa na KO 23. Bakisha kile kipande cha springi kinachokinga sevo. Kukiondoa ni kuhamishia kila pigo la jiwe kwenye giya zake.

6. Oili ya difu

Kwa bagi ya 1/8, anza na cSt 5000 mbele, 7000 katikati na 3000 nyuma. Difu za magari madogo zisizo na gaskiti huvuja oili nyepesi, afadhali grisi nzito. Kagua tu kama kiwandani waliweka ya kutosha, maana mara nyingi hukuti kitu.

7. Mota isiyo na brashi na ESC yake (dola 40 hadi 80)

Sasa ndipo mota. Kwa 1/10, mota ya 3650 (upana milimita 36, urefu 50) yenye kV 3300, yaani mizunguko 3300 kwa kila volti, na ESC ya ampea 60 inatosha: kwa volti 7.4 ni kama mizunguko 24,400 kwa dakika bila mzigo. Kubwa kuliko hiyo inavimbisha tairi na kukata meno ya giya.

Pinioni lazima ilingane na giya kubwa. Moduli 0.6 na piche 48 (vipimo viwili tofauti vya ukubwa wa meno) zinafanana kwa macho, lakini zikikutanishwa zinasagana baada ya chaji chache. Weka kipande cha karatasi kati ya giya, bana, kaza skrubu za mota, toa karatasi: huo ndio uwazi sahihi. Anza na pinioni ndogo. Endesha dakika tano, pima joto: likizidi nyuzi 80, punguza jino moja. Mchana wa Mtwara wakati wa kaskazi unakuanzishia kwenye nyuzi thelathini na zaidi, kwa hiyo mpangilio unaofaa Juni unaweza kuunguza mota Januari.

Feni ya ESC ivikwe soksi ya nailoni nyepesi. Kuanzia mwezi wa sita mikorosho inapopuliziwa salfa ya unga, usikimbie chini yake: unga huo unachoma macho, na shaba ya plagi ikikaa nayo inakuwa nyeusi na kupoteza mguso.

Vya kuacha dukani

Mikono ya aluminiamu inapendeza kwenye picha. Ikigonga kisiki inapinda kimyakimya, au inapitisha pigo hadi kwenye chesisi, ambayo ni ghali zaidi. Plastiki ya nailoni inajikunja na kurudi. Kwa fedha hiyohiyo agiza jozi mbili za mikono ya plastiki ya mbele, pini za bawaba na skrubu za chuma kisichoshika kutu. Ukitoka ufukweni toa betri, suuza sehemu za chini kwa maji baridi yasiyo ya chumvi, pitisha hewa ya kompresa ya mziba pancha kwa mbali bila kuielekeza kwenye beringi, kisha tia tone la oili kwenye kila pini siku hiyohiyo.