Soksi za kubana baada ya kilomita 100

Nilizivaa soksi hizi ndefu, zinazoishia chini ya goti, mara tu baada ya mbio za kilomita 100 zenye miteremko mikali. Mteremko ndio unaoumiza hasa: misuli ya mapaja inafanya kazi huku ikivutwa, nyuzi zake zinachanika kidogo kidogo, na maumivu hufika kileleni kati ya saa 24 na 72 baadaye. Soksi hazifiki mapajani, na huko sikupata nafuu yoyote.

Chini ya goti ni habari nyingine. Zinabana zaidi kifundoni na kulegea kadiri zinavyopanda, hivyo damu inasaidiwa kurudi juu. Uvimbe wangu ulipungua upesi, nikalala vizuri, na usingizi huo naupenda kuliko soksi zenyewe!

Kasi? Sikuona tofauti nilipokimbia nikiwa nimezivaa. Kuzivaa mguu ukiwa umeshavimba ni kazi ngumu, mwombe mtu akusaidie. Na saizi ichague kwa kupima mzunguko wa shavu la mguu asubuhi. Namba ya kiatu pekee haitoshi.