Kamera ya Ndoto na Kamera ya Kununua: Mpangilio Wangu, Kuanzia ya Kwanza Hadi ya Saba

Muulize mpiga picha yeyote kamera ya ndoto yake ikoje, utaona hasiti. Sensa, yaani kipande cha ndani kinachonasa mwanga, iwe kubwa; bodi, yaani kamera bila lenzi, iwe ndogo. Zumu yenye apecha (tundu la lenzi la kupitisha mwanga) ya f/2.8 iingie kwenye mfuko wa koti. Betri ikae siku tatu, mvua isiiguse, menyu isizidi kurasa mbili, picha zijipeleke zenyewe kwenye simu. Orodha ni tamu, ila nusu yake inapigana na nusu nyingine.

Chukua hiyo zumu ya mfukoni. Upana wa tundu la lenzi ni urefu wa fokasi (zile mm zilizoandikwa kwenye lenzi) ukigawanywa kwa namba ya f. Lenzi ya mm 200 yenye f/2.8 inahitaji tundu la takriban mm 71, na mbele ya tundu hilo lazima kuwe na kioo kipana kuliko hapo. Ndiyo maana lenzi za 70-200 f/2.8 za fremu kamili, yaani za kamera zenye sensa ya mm 36 kwa 24, huwa na takriban kilo moja au zaidi, ziwe za Canon, Nikon au Sony. Kampuni inaweza kupunguza gramu kadhaa kwa plastiki na aloi nyepesi. Tundu lenyewe halipungui. Kwa hiyo anayesubiri kamera yenye kila kitu atasubiri sana, na wakati huo picha zinampita.

Njia ninayoipendekeza ni kuigawa ndoto yako mara mbili. Upande mmoja weka mambo yanayoweza kuongezwa baada ya kununua, upande wa pili yale ambayo ukiyakosa siku ya kwanza umeyakosa moja kwa moja. Betri haitoshi? Nunua ya pili. Mshiko ni mwembamba? Kuna mishiko ya kuongeza. Rangi za filamu hutengenezwa kwenye kompyuta. Hata fokasi, yaani namna kamera inavyolenga kitu kionekane wazi, huboreshwa kwa sasisho la programu: Nikon Z8 ilitoka mwaka 2023 bila hali maalumu ya kutambua ndege, na sasisho la mwaka uliofuata likaileta bure. Lakini hakuna sasisho litakaloongeza kituliza mtikisiko ndani ya bodi, nafasi ya kadi ya pili, raba za kuzuia maji, kitundu cha kuchungulia, wala ukubwa wa sensa. Hayo ndiyo ya kulipia. Mpangilio ulioko hapa chini umefuata kipimo hicho, na ni wa mtu anayenunua kamera moja ya kufanyia mambo mengi.

Kuhusu megapikseli sitakaa sana. Megapikseli 24 ni pikseli 6000 kwa 4000, yaani picha ya karatasi yenye upana wa sentimita 50 kwa ubora wa nukta 300 kwa inchi. Kama hukati picha sana wala huchapishi mabango ya kutazamwa kwa karibu, zinatosha.

1. Fremu kamili ya daraja la kati

Hapa wamo Nikon Zf (2023), Sony a7C II (2023) na Canon EOS R6 Mark II (2022). Zote tatu zina sensa ya mm 36 kwa 24, kituliza mtikisiko ndani ya bodi, na fokasi inayokamata jicho la mtu na kulifuata hata akigeuka. Miaka kumi na tano nyuma, mtu akikutajia vitu hivyo ndani ya kamera moja ya daraja la kati ungemwona anaota.

Kati ya hizo tatu, R6 Mark II ndiyo ninayoiweka mbele kwa anayepiga harusi na mikutano. Ina nafasi mbili za kadi zinazofanana, mshiko wa kina unaojaa mkononi, na vitufe vimekaa mahali ambapo vidole vinavifikia bila macho kuondoka kwenye kitundu. Nafasi mbili za kadi si anasa kwa mtu anayelipwa. Kadi hufa bila kuaga, na bibi harusi harudii kuingia ukumbini.

Zf ni ndoto ya wanaopenda magurudumu: la shata (muda wa kuingiza mwanga), la ISO (wepesi wa sensa kwa mwanga) na la kusahihisha mwanga yako juu, yameandikwa namba, unayasoma hata kamera ikiwa imezimwa. Ina hata swichi ya kuhamia picha nyeusi na nyeupe. Mambo mawili uyajue mapema. Bodi ina gramu 710 na mbele ni bapa karibu kabisa, hivyo ukiifunga lenzi nzito vidole vitachoka; mshiko wa kuongeza unatibu hilo. Kadi yake ya pili ni ile ndogo ya microSD, iliyowekwa pamoja na betri chini ya bodi. Itahifadhi nakala, sawa, ila kuitoa kwa haraka ni kazi.

a7C II ni ya msafiri. Gramu 514 pamoja na betri na kadi, megapikseli 33. Walichokata ili wafike hapo ni kitundu, ambacho ni kidogo na kimesukumwa pembeni, na kadi ni moja tu. Anayevaa miwani aijaribu kwanza kabla ya kutoa fedha.

Ukichagua mojawapo, usiharibu hesabu kwa kuifunga zumu ya kilo moja siku ya kwanza. Lenzi isiyo na zumu ya mm 35 au mm 40, yenye f/2, inaifanya kamera ya fremu kamili iwe kitu cha kutoka nacho kila siku. Hapo ndipo ile ndoto ya sensa kubwa ndani ya bodi ndogo inapokaribia kutimia kuliko mahali pengine popote, kwa sharti kwamba zumu umeisamehe.

2. APS-C yenye magurudumu: Fujifilm X-T5

Ilitoka mwaka 2022 na ina megapikseli 40. Sensa yake ni ya APS-C, ndogo kuliko fremu kamili, takriban mm 23.5 kwa 15.6, na pete ya apecha iko kwenye lenzi zake nyingi, jambo ambalo Zf pamoja na umbo lake lote la zamani inalikosa kwa lenzi nyingi za Nikon. Skrini inainuka kwa njia tatu na haifunguki pembeni; wapiga picha tuli wanaishangilia, wa video wanaikasirikia.

Nimeiweka ya pili kwa sababu moja tu, nayo ni fokasi ya vitu vinavyokimbia. Inafanya kazi, ila haina utulivu wa zile tatu za juu, na hili ni la upande wa pili wa orodha: sasisho limesaidia, halijalimaliza. Kama watu wako husimama au hutembea taratibu, ipandishe iwe ya kwanza. Mfumo wake wa lenzi una lenzi ndogo nzuri kuliko wengi, na mkoba mzima utakuwa mwepesi.

3. Yenye lenzi isiyotoka: Fujifilm X100VI na Ricoh GR III

Ndoto ya watu wengi, wakikaa na kuitafakari, ni kamera ambayo iko nao muda wote. Sensa na fokasi huja baadaye. GR III ya mwaka 2019 ina gramu 257 na sensa ya APS-C ndani. Inaingia kwenye mfuko wa suruali kweli, na inawaka haraka. Pembe yake ya kuona ni ya lenzi ya mm 28 kwa hesabu ya fremu kamili. Ndugu yake GR IIIx ni mm 40. Haina kitundu cha kuchungulia, na haijazibwa dhidi ya vumbi, kwa hiyo usiirushe mfukoni penye mabaki ya mchanga. Lenzi yake haing'oki, na vumbi likishafika kwenye sensa huwezi kulisafisha mwenyewe.

X100VI ya mwaka 2024 ni kubwa zaidi, gramu 521, lakini ina kitundu cha namna mbili: unachungulia kupitia kioo cha kawaida, au unahamia skrini ndogo ya ndani. Ina kichujio cha kupunguza mwanga ndani ya lenzi, na kituliza mtikisiko ambacho matoleo yote ya X100 yaliyotangulia hayakuwa nacho. Kuizuia maji kikamilifu unahitaji kuongeza pete na kichujio mbele ya lenzi. Kwa nini basi isiwe ya kwanza? Kwa sababu ni kamera ya pembe moja, na mwongozo huu ni wa kamera moja ya mambo mengi. Kama ungekuwa wa kamera ya pili, ningeanza hapa.

4. OM System OM-1

Ni ya wapanda milima na wafuata ndege. Sensa ni ndogo, mm 17.3 kwa 13, karibu robo ya eneo la fremu kamili, kwa hiyo kwenye giza unapoteza takriban stopu mbili za mwanga (kila stopu ni nusu ya mwanga). Unacholipwa ni lenzi za mbali zenye uzito unaobebeka, na bodi yenye kiwango cha IP53, kipimo rasmi cha kuzuia vumbi na maji, kitu ambacho kampuni nyingi hukwepa kukiandika na badala yake husema tu "imezibwa". Ina pia ujanja wa ndani ambao bodi kubwa nyingi hazina: kuunganisha fremu nyingi hadi maji ya mto yaonekane kama hariri bila kichujio, na kupiga picha ya megapikseli 50 ukiwa umeishika mkononi. Nani alisema ndoto ya mvua haitimiziki? Inatimizika, ila inakuja na sensa ndogo.

5. DSLR iliyotumika

Wanaoota betri ya siku tatu wanaota kitu ambacho tayari kilikuwepo kwenye DSLR, kamera yenye kioo cha ndani kinachopeleka mwanga wa lenzi kwenye kitundu. Nikon D750 ya mwaka 2014 imepimwa picha 1,230 kwa chaji moja, na D850 ya mwaka 2017 picha 1,840, kwa kipimo kilekile ambacho kamera nyingi za sasa zisizo na kioo hicho hupata mia tatu hadi mia saba. Sababu ni rahisi: kwenye DSLR unatazama mwanga wenyewe kupitia kioo, sensa imelala mpaka ubonyeze; kwenye zisizo na kioo, sensa na skrini zinakula umeme hata ukiwa unasubiri tu. Lakini DSLR za Canon na Nikon hazina kituliza mtikisiko ndani ya bodi, na kampuni hizo zimeacha kubuni lenzi mpya za DSLR. Kwa bajeti finyu ni chaguo la heshima. Kwa ndoto ya miaka kumi ijayo, hapana.

6. Zile za kasi: Nikon Z8 na Sony a9 III

a9 III ilitangazwa mwaka 2023 ikiwa ya kwanza ya fremu kamili yenye sensa inayosoma picha nzima kwa mpigo mmoja badala ya mstari kwa mstari. Rungu la gofu linalozungushwa kwa kasi halionekani tena limepinda, na flashi inafanya kazi kwa kasi yoyote ya shata. Gharama yake iko kwenye mwanga: ISO yake ya msingi ni 250. Z8 haina shata ya kimakanika kabisa, na bado inapiga michezo bila shida. Unayehitaji moja ya hizi unajua tayari. Wengine wataishia kufuta maelfu ya fremu zinazofanana.

7. Sensa ya mm 44 kwa 33

Fujifilm GFX100S II, megapikseli 102. Studio na mandhari. Kwa kazi nyingine faili zitakulemea.

Kabla hujasema kwamba hakuna kampuni iliyosikiliza ndoto zako, jua kwamba baadhi zilijaribu. Ricoh walitoa GXR mwaka 2009, ambayo ulibadilisha lenzi na sensa kwa pamoja kama kipande kimoja. Samsung walitia Android kwenye Galaxy NX mwaka 2013. Zeiss walitangaza ZX1 mwaka 2018 ikiwa na programu ya kuhariri picha ndani yake. Lytro walitengeneza kamera ya kuchagua fokasi baada ya kupiga. Zote zimeachwa. Lililopona ni jambo dogo tu, hifadhi ya ndani: Leica M11 ina GB 64, Hasselblad X2D ina TB 1. Ningefurahi kuliona hilo kwenye kamera za daraja la kati kuliko megapikseli nyingine kumi.

Ukinunua iliyotumika, piga ukuta mweupe kwa f/16 uone madoa ya sensa, kisha piga kwa sehemu ya kumi ya sekunde ukiwa umesimama, kituliza mtikisiko kikiwa kimewashwa, halafu kikiwa kimezimwa. Picha zikifanana kwa ukungu, kituliza hakifanyi kazi, na bei iliyotajwa si ya kamera hiyo. Angalia pia kwamba nafasi zote za kadi zinaandika, na kwamba mlango wa kuchajia haulegei waya ukitikiswa. Fanya haya yote ukiwa na betri na kadi zako mwenyewe.