Nilipimwa ganzi ya miguu Mtwara, nikadhani muuguzi hajaanza

Ndala ya mguu wa kulia ilinivuka njiani nikitoka sokoni kurudi Chikongola. Mjukuu wangu ndiye aliyenishtua: "Bibi, ndala yako iko kule nyuma." Ilikuwa saa 7 mchana, mchanga unaunguza, na mimi nakanyaga tu.

Huu ni mwaka wa 11 naishi na kisukari. Ganzi ilianzia kwenye vidole, baadaye usiku nyayo zikawa zinawaka kama zimepakwa pilipili. Nilipoteza muda. Mtu alikuja mtaani na mashine, unashika kijiti cha chuma, kompyuta inatoa karatasi yenye magonjwa yako yote. Miguu hakuigusa. Nikarudi nyumbani na unga wa dawa wa shilingi 60,000, ganzi iko palepale. Na pale nilipokuwa nachukulia dawa, miaka yote walinipima sukari na presha. Kuambiwa nivue viatu, hata siku moja.

Safari hii nilikwenda kliniki ya kisukari hapahapa mjini. Nilifika saa 1 asubuhi, nikaingia chumbani saa 6.

Muuguzi alitazama nyayo, kucha na katikati ya vidole, kisha akazigeuza ndala zangu aone chini. Akatafuta mapigo ya damu juu ya mguu. Akauliza kama nina baka lolote lisilo na hisia, akapapasa nyuma ya kifundo, maana ukoma nao huharibu neva, yaani nyuzi zinazopeleka hisia mwilini, na dawa zake hutolewa bure.

Kipimo chenyewe ni uzi wa nailoni uliochomekwa kwenye mpini. Ukiuona utasema mshipi wa kuvulia samaki. Ukibonyezwa kwenye ngozi, unapinda nguvu ikifika gramu 10. Asiyeusikia yuko kwenye hatari ya kuumia bila kujua. Kwanza aliugusisha mkononi mwangu nijue unavyosikika. Kisha akasema, "Mama, fumba macho. Nikikugusa sema ndiyo, na mguu gani."

Nikafumba. Nje mtoto analia, feni inazunguka. Nikafikiri labda anaandika kwanza. Nikamwambia, "Niko tayari dada, anza."

Akakaa kimya kidogo. "Mama, nimeshagusa sehemu tatu."

Machozi yalinitoka, sitaficha. Aliniachia muda, kisha akaendelea taratibu. Nilichompendea ni kwamba hakuwa ananiuliza "unasikia?" kila akigusa, kwa sababu mtu huitikia tu kwa haya. Mara nyingine aliniuliza bila kugusa kabisa, na hapo ndipo nilipojikuta nimesema ndiyo ya uongo. Jamani, msikisie.

Akaleta chuma chenye pande mbili kama uma, kinatetema mara 128 kwa sekunde, akakiweka kwenye mfupa wa kidole gumba. Kushoto niliusikia mtetemo kwa mbali. Kulia, hakuna. Nyundo ya mpira kwenye kano la kisigino, mguu haukuruka. Yote hayo kama dakika kumi, bila sindano wala maumivu.

Daktari alinieleza kuwa neva ndefu ndizo huathirika mwanzo, ndiyo maana vidole vya miguu hutangulia. Dawa ya usiku aliyonipa inapunguza ule moto, ganzi hairudishi. Alisema waziwazi, nikamshukuru kwa hilo. Akaagiza na damu ipimwe vitamini B12, kwani metformin, dawa ya kisukari, ikitumika miaka mingi huweza kuishusha, na ikipungua nayo huleta ganzi. Nikamuuliza kuhusu kipimo cha umeme wa neva nilichosikia kipo Dar es Salaam. Akasema kwa dalili zangu hakitabadilisha matibabu, niokoe nauli.

Kasoro zipo. Foleni inachosha, chumba hakina pazia, na uzi ni mmoja kwa watu wote. Ukipindwa kwa wagonjwa wengi mfululizo hulegea, na ukilegea majibu yanaharibika. Waongezewe.

Wenzangu wenye sukari, hasa tunaookota korosho peku: ukifika kliniki usingoje kuambiwa, vua viatu na uombe kipimo cha uzi. Mimi natakiwa kurudi baada ya miezi sita. Siku hizi navaa viatu vya kufunika vidole hata mikoroshoni, na jioni mjukuu anavikung'uta. Juzi kwenye cha kulia ilidondoka changarawe kubwa kama punje ya mahindi. Nilikuwa nimeshinda nayo.