Wakili aliyeniuliza antena kabla ya kusoma barua: uzoefu wangu

Nilimtafuta wakili wa mawasiliano kwa sababu ile ile inayowafanya wengi wamtafute: barua. Nina kampuni ndogo ya kusambaza intaneti kwa redio, minara mitatu, wateja wa majumbani na ofisi chache. Mamlaka ya mawasiliano ikaniandikia kwamba vifaa vyangu vinaingilia rada ya hali ya hewa, kwamba nina siku 14 za kujieleza, na kwamba leseni yangu iko hatarini. Minara yote mitatu ilitajwa.

Wa kwanza kumwendea hakuwa huyu ninayemwelezea hapa. Alikuwa wakili wetu wa siku zote, mtu mwema, hodari wa mikataba na madeni. Aliisoma barua, akavua miwani, akasema tuandike ya kuomba radhi, tuahidi kutorudia, mambo yaishe. Kesho yake rasimu ilikuwa mezani. Nusura niitie saini. Kilichonizuia ni swali dogo: kutorudia nini? Hakuna kati yetu aliyejua tulichokuwa tumefanya.

Huyu wa pili nilielekezwa na mtu wa fani yetu. Wasifu wake ulinitia shaka zaidi kuliko kunivutia. Shahada ya kwanza ya uhandisi wa umeme na mawasiliano, miaka kadhaa ya kupanga mitandao ya redio, ndipo akasomea sheria. Leseni ya redio ya ridhaa, yaani ya kurusha redio kwa kupenda tu, si kwa biashara. Kushiriki vikao vya kitaalamu vya ITU, shirika la Umoja wa Mataifa la mawasiliano. Wasifu wa wakili ni kama picha za harusi, kila mtu kapendeza, kwa hiyo nilikwenda kuchungulia nyuma ya pazia. Jina lake lilikuwamo kwenye orodha ya mawakili wenye ruhusa ya kufanya kazi mwaka ule. Alama yake ya wito, yaani jina la kujitambulishia hewani, ilikuwamo kwenye rejesta ya wenye leseni za ridhaa. Alama hizo hazibuniwi, kwani herufi za mwanzo hugawiwa kila nchi na ITU yenyewe, na kinachofuata hutolewa na mamlaka baada ya mtihani. Nilipomwomba mashauri aliyowahi kusimamia, alinipa yale tu ambayo maamuzi yake yako hadharani. Ya wateja wengine, akasema, hata majina hapewi mtu. Hilo lilinipa imani kuliko shahada zote.

Leseni yake ya ridhaa ni ya zamani, ya enzi ambazo kanuni za kimataifa zilimtaka anayerusha chini ya MHz 30 (megahezi, kipimo cha masafa ya redio) ajue Morse, ule mtindo wa kutuma ujumbe kwa nukta na vistari. Mkutano wa dunia wa redio wa 2003 ndio ulioziachia nchi ziamue zenyewe kama Morse bado inahitajika. Na mkutano huo huo ndio ulioifungulia Wi-Fi sehemu kubwa ya masafa ya GHz 5 (GHz moja ni MHz 1000) duniani, yaani ndio ulionipa riziki yangu na hili balaa langu kwa pamoja. Hayo nimeyajua kwake.

Siku ya kwanza nilikwenda na barua ndani ya bahasha. Hakuipokea.

"Antena gani, na zinatazama wapi?" akauliza.

Nikamwambia aina. Akataka karatasi za kiwanda za kila antena, mahali hasa minara ilipo, na nakala za mipangilio ya redio zote kama zilivyo siku ile, bila fundi kugusa kitu. Hilo la kutogusa alilirudia mara mbili, akanitazama usoni. Kisha ndipo akafungua bahasha, akasoma haraka, akageuza ukurasa wa mwisho kama anatafuta kitu kilichodondoka. "Picha za rada ziko wapi?"

Sikujua kama kuna picha. Alasiri ile ile aliandikia mamlaka kuziomba, pamoja na kuomba siku za kujieleza zihesabiwe kuanzia picha zitakapotufikia. Walikubali yote mawili. Wakili wa kwanza asingeziomba, kwa sababu asingejua kwamba zipo.

Zilipokuja aliziweka mezani juu ya ramani iliyochapishwa. Nilitarajia kompyuta, akatoa rula na kipima pembe cha plastiki, vile vya mkebe wa shule. Kwenye picha ya rada mvua huonekana kama madoa. Redio inayoingilia huonekana kama mstari mwembamba ulionyooka kutoka katikati mpaka ukingoni, mithili ya tochi iliyowashwa gizani. Akanieleza kwamba mstari huo unasema upande redio iliko, lakini hausemi umbali, kwa hiyo yeyote aliye kwenye njia hiyo ni mshukiwa. Katika picha zote mstari ulikuwa mmoja, nyuzi 131. Akaweka kipima pembe juu ya rada, akapiga mstari kwa penseli. Mnara wetu wa kwanza ulikuwa nyuzi 48. Wa tatu, 212. Penseli ilipita juu ya mnara wa pili kana kwamba uliwekwa hapo makusudi.

Nilianza kushangilia kwamba minara miwili imepona. Yeye hakushangilia. "Huu mmoja ni wetu, ndugu yangu," akasema. "Sasa tujue tulifanya nini."

Hapa ndipo naona thamani ya ule uhandisi wake, na si pale nilipoitarajia. Nilidhani nalipia mtu atakayewazidi maarifa wataalamu wa mamlaka na kunitetea. Kumbe nililipia mtu atakayenibaini mimi kabla yao. Alifungua faili la mipangilio ya mnara wa pili, maandishi matupu yasiyo na sura, akashuka taratibu kwa kidole kwenye kioo, akasimama kwenye mstari wa nchi, ule unaoiambia redio ifuate kanuni za nchi gani. Redio ilikuwa imewekewa nchi nyingine kabisa, na kile kipengele cha kuisikiliza na kuikwepa rada kilikuwa kimezimwa.

Kwa asiyejua: redio za GHz 5 zinaporuhusiwa kutumia masafa ya rada, lazima zisikilize kwanza. Kawaida ni sekunde 60 za kimya kabla ya kurusha; kanuni za Ulaya zinataka dakika 10 nzima kati ya MHz 5600 na 5650, kwa kuwa ndimo rada za hali ya hewa zinamofanya kazi, na vifaa vyetu vilitengenezwa kwa kufuata hizo. Zikisikia rada zinapaswa kuhama ndani ya sekunde 10 na kutorudi kwenye chaneli ile kwa dakika 30. Sasa fikiria umeme ukikatika na kurudi. Dakika 10 za kimya, na simu za wateja zinaita mfululizo. Nilimwita fundi wangu, kijana mchapakazi, akakiri palepale: "Bosi, wateja walikuwa wananitukana. Nikabadilisha nchi, ikaacha kusubiri."

Suala la nguvu ya kurusha lilikuwa hivyo hivyo. Kwenye kioo redio ilionyesha dBm 24 (dBm ni kipimo cha nguvu ya redio), kama robo ya wati, na kijana aliamini yuko ndani ya sheria. Wakili akaandika kwenye pembe ya ramani: 24, akajumlisha 16 ya antena, kwa kuwa antena hukusanya nguvu upande mmoja, ikawa 40. Mpaka ni 30. "Kumi zaidi haimaanishi theluthi zaidi," akamwambia kijana kwa upole, kama mwalimu. "Kila kumi ni mara kumi. Ruhusa ni wati 1, nyinyi mnarusha 10." Kijana alikuwa amesoma namba ya redio akasahau kwamba antena nayo inahesabiwa. Ile barua ya kuomba radhi, laiti ningeisaini, ingekuwa imekiri kosa la minara mitatu wakati hata la mmoja hatulijui.

Upande wa sheria alikuwa mfupi. Kanuni za Redio za ITU ni mkataba wa kimataifa, na katika jedwali lake la masafa kuna tanbihi, namba 5.450A, isemayo kwamba vituo vya aina yetu kati ya MHz 5470 na 5725 haviwezi kudai kulindwa dhidi ya rada. Yaani rada ikitusumbua tunyamaze. Tukiisumbua sisi, tuhame. Akanishauri tusipoteze pumzi kubishana hapo. Tukubali mnara mmoja kwa maelezo kamili, tukatae miwili kwa pembe zake, na siku ile ile tuonyeshe kwamba tumeshahamisha masafa, tumepunguza nguvu hadi dBm 14 na kurudisha nchi mahali pake. Nakala za mipangilio ya awali alizihifadhi kabla hatujarekebisha lolote. Ndiyo maana alisisitiza fundi asiguse. Ukirekebisha kabla ya kuhifadhi, baadaye huonekana umefuta ushahidi.

Sasa nije kwenye kilichonikera, maana sikuja kumpigia ngoma tu.

Baada ya hesabu zote zile, nilimwambia aziweke kwenye ripoti, atie saini kama mhandisi, tuwasilishe. Akakataa. Nilikasirika kweli. Nimemchukua mtu mwenye fani mbili, halafu ananiambia nikalipe mhandisi mwingine wa nje? Akanieleza kwamba wakili hawezi kuwa shahidi katika shauri analolisimamia mwenyewe. Akitia saini ripoti anaweza kuulizwa maswali juu yake, na akishaulizwa hawezi tena kusimama kunitetea. Mhandisi wa nje akaja, akapima upya kwa vifaa vyake, akafika kwenye namba zile zile. Siku ya kikao niliona maana yake: mhandisi yule aliulizwa maswali karibu saa nzima na wataalamu wa mamlaka, huku wakili wangu ametulia pembeni akiandika, na kila swali lilipopinda alijua hasa pa kuingilia. Bado naona alipaswa kuniambia siku ya kwanza. Barua yetu ya makubaliano ya kazi haikutaja gharama ya shahidi mtaalamu hata kwa mstari mmoja, na kwa mtu wa uzoefu wake huo ni uzembe.

Matokeo: tuhuma za minara miwili ziliondolewa. Mnara wa pili tulipewa onyo la maandishi na faini, pamoja na sharti la kupeleka kumbukumbu za mipangilio kila baada ya miezi mitatu. Leseni ilibaki.

Ankara zake zimekatwa vipande vya dakika 6, sehemu ya kumi ya saa, kama wafanyavyo mawakili wengi. Ukipiga simu ya dakika mbili, umelipia sita. Na huyu bwana anapenda redio kupita kiasi. Muulize jambo dogo kuhusu kibali, atakupeleka hadi Paris mwaka 1865, ITU ilipozaliwa kwa ajili ya telegrafu, na saa inahesabu. Nilijifunza kuuliza kwa maandishi, swali moja moja, na kumkatiza bila haya. Pia huwa hapatikani anapokuwa kwenye mikutano yake ya Geneva. Mara moja nilikaa siku tisa bila jibu, na msaidizi wake, mwanasheria mchanga asiye na uhandisi, aliniandikia jibu ambalo lilichanganya MHz na Mbps, yaani masafa na kasi ya intaneti. Hilo halisameheki katika ofisi inayojitangaza kwa ujuzi wa kiufundi. Ukichukua huduma hii, hakikisha mnaandikiana nani hasa atakayeshika faili lako.

Na uhandisi haukumsaidia kwa kila kitu. Nilimpa mkataba wa kupangisha nafasi kwenye mnara wa mtu mwingine. Kifungu cha mwingiliano wa masafa alikiandika vizuri mno, ukurasa na nusu: nani alitangulia, nani anahama, vipimo vipigwe wapi. Kifungu cha umeme alikisahau. Nani analipa jenereta likiwaka usiku kucha? Hakuna. Yule wakili wangu wa kwanza, wa miwani, alikiona ndani ya dakika tano, naye ndiye anayeshika mikataba yangu mpaka leo. Kwa mambo ya taarifa binafsi za wateja naye alinielekeza kwa mwenzake, akasema si fani yake. Hilo nililiheshimu.

Ukiwa unamtafuta wa namna hii, mpe kitu halisi akisome mbele yako, faili la mipangilio au karatasi ya antena, uone kidole chake kinasimama wapi. Huyu kilisimama kwenye mstari wa nchi, na mimi nilikuwa nimeupita mara ishirini.

Juzi kumekuja bahasha nyingine ya mamlaka, nembo ile ile. Moyo ulinipasuka. Sikuisoma vizuri, nikaipiga picha nikamtumia. Akajibu baada ya muda mfupi: "Ni ada ya mwaka. Lipa kabla ya tarehe 30." Mwisho wa mwezi ilikuwamo kwenye ankara. Dakika 6.