Njia ya Aphrodite, Akamas (Cyprus): uzoefu wangu na ushauri kwa anayekwenda

Kama una siku moja tu upande wa mji wa Paphos na unataka msitu na bahari katika matembezi yale yale, Njia ya Aphrodite kwenye rasi ya Akamas ndiyo ninayoipendekeza kuliko nyingine zote za pembe hiyo ya kisiwa cha Cyprus. Ni mzunguko wa kilomita 7.5. Unaanzia kwenye Bafu za Aphrodite, unapanda hadi kilele cha Moutti tis Sotiras chenye mita 370, unateremka hadi pwani, kisha unarudi ulikoanzia ukiambaa na bahari. Kiingilio hakuna. Mtu mwenye mwendo wa kawaida atatumia muda wa saa tatu hadi nne pamoja na kupumzika. Ila ufupi wake usikudanganye: mwinuko karibu wote uko nusu ya kwanza, na mteremko unaofuata ndio unaowaangusha watu.

Kutoka Paphos, basi namba 645 linaondoka kituo cha Karavella kwenda mji wa Polis, na pale unapanda 622 linalopita Latchi na kuishia kwenye Bafu. Hakikisha ratiba ya siku hiyo hiyo, hasa Jumapili na nje ya msimu wa watalii, na ujue saa ya basi la mwisho la kurudi kabla hujapiga hatua ya kwanza. Anayekodi gari na amezoea barabara za Kenya au Tanzania hatapata taabu, kwani Cyprus ilitawaliwa na Waingereza hadi 1960 na magari hupita kushoto vilevile. Lami inafika hadi maegesho. Usilipeleke gari dogo la kukodi kwenye barabara ya vumbi inayoendelea na pwani: mikataba mingi ya kukodi haifidii uharibifu unaotokea nje ya lami, na mawe ya pale hayana huruma na tairi wala sampo (bakuli la oili chini ya injini).

Bafu zenyewe ni kidimbwi kidogo chini ya ukuta wa mwamba, kimefunikwa na kivuli cha mtini. Kuoga ni marufuku, na maji yake si ya kunywa. Wageni wengi huja kwa ajili ya hadithi ya Aphrodite, mungu wa kike wa mapenzi wa Wagiriki wa kale, na mpenzi wake Adonis, wanapiga picha na kurudi kwenye basi. Dakika kumi zinakutosha. Kilichokuleta kiko juu zaidi.

Anza na mlima, si na pwani. Ukianza na pwani utajikuta unapanda ule upande mkali usio na miti wakati jua liko utosini. Ukianza na msitu unapanda ukiwa na nguvu, bado kuna ubaridi wa asubuhi, na vivuli vinakuja kwa vipande vipande. Ni mwenye magoti mabovu tu ninayemshauri afanye kinyume, kwa sababu mteremko wa upande wa msitu ni mpole kuliko wa upande wa bahari.

Sehemu ya kwanza inapita kati ya misonobari, mireteni, mizeituni mwitu na mikarobu, na mimea mingi imewekewa vibao vyenye jina la Kilatini na la Kigiriki. Soma vibao hivyo. Simama karibu na mreteni mmoja uliokomaa: shina limejisokota, gome linabanduka kwa nyuzi nyuzi, na majani yake si sindano ndefu kama ya msonobari bali magamba madogo yaliyobana kijiti. Ponda kidogo kwa vidole uinuse. Mimi huona sehemu hii ndiyo inayostahili mwendo wa polepole kuliko zote, hata kuliko kileleni.

Baada ya dakika 45 hadi saa nzima unafika Pyrgos tis Rigainas, magofu ya mawe kando ya mwaloni mkubwa. Hapa ndipo pa kula na kukaa kivulini, na hapa ndipo watu wanapopotea. Njia mbili zinaachana: ya Adonis, nayo ya kilomita 7.5, inabaki upande wa bara na haikupeleki kwenye ukingo wa bahari. Tafuta kibao chenye jina la Aphrodite, na uwe na ramani uliyoipakua kabla, maana mtandao wa simu si wa kutegemea huko juu.

Kileleni kunafikiwa kwa kijia kifupi kinachochepuka kutoka njia kuu. Usikiruke. Magharibi unaiona rasi ya Arnaoutis ikichomoza baharini, mashariki ghuba ya Chrysochou na mji wa Polis, na hewa ikiwa safi milima ya Troodos nyuma yake. Upepo unaweza kuwa mkali na ukingo hauna ukuta, kwa hiyo watoto washikwe mkono.

Sasa mteremko. Kokoto zimelala juu ya mwamba mgumu, kwa hiyo mguu hauna cha kushika. Ukikaza goti na kuegemea nyuma, kisigino kinateleza na unakaa chini kwa nguvu. Kunja magoti, piga hatua fupi, kanyaga kwa wayo mzima, na fimbo ziwe mbele yako. Viatu vyenye soli ya meno ni lazima. Raba zilizolika au sandali hazifai kabisa hapa.

Ukifika barabara ya vumbi, pinda kulia, bahari iwe mkono wako wa kushoto. Maji ni ya buluu iliyokolea, na kuna vijifuo vya kokoto vya kuchovya miguu. Kasoro kubwa ya njia nzima iko hapa: katika msimu wa watalii magari ya porini na pikipiki za magurudumu manne zinapita zikitimua vumbi. Kitambaa cha kufunika pua kinasaidia, na kuanza mapema kunasaidia zaidi.

Maji ya kunywa beba yote tangu mwanzo: lita 2 kwa kila mtu katika majira ya kuchipua, lita 3 joto likipanda. Miezi ninayoipenda ni Machi hadi Mei, maua yakiwa yamejaa, kisha Oktoba na Novemba. Julai na Agosti joto hupita nyuzi 35 na hatari ya moto wa msituni ni kubwa. Kuwasha moto nje ya sehemu zilizotengwa ni kosa la jinai. Desemba jua huzama kabla ya saa kumi na moja jioni, basi uwe njiani kabla ya saa nne asubuhi.

Kuna nyoka wa sumu wa jamii ya kifutu, kwa hiyo usiingize mkono kwenye nyufa za mawe wala kukaa juu ya jiwe bila kulitazama kwanza. Mwisho wa baridi, ukiona mifuko myeupe ya utando kwenye misonobari, hivyo ni viota vya viwavi ambao vinyweleo vyao vinawasha kama upupu. Usiwaguse, na usimwache mbwa awanuse. Dharura yoyote, piga 112.

Anayeogopa ule mteremko wa mawe achague Adonis. Atakosa bahari ya karibu, lakini atapata kivuli kingi zaidi.