Uzoefu wangu na Garmin aera 660 kwenye 206: milima naiona, mvua natafuta mwenyewe

Mimi naruka na Cessna 206 kutoka Arusha, zaidi mizigo ya kambi na abiria mara moja moja, ndege yenyewe ya zamani, dashibodi ni saa za mishale tupu, hamna kitu cha kukuambia mlima uko wapi zaidi ya macho yako na ramani ya karatasi. Huu mwaka wa tatu natumia hii aera 660, GPS ndogo ya ndege yenye ramani na skrini ya kugusa, nimeifunga kwenye usukani, na kwa vile kila mara kuna kijana ananiuliza pale kiwanjani anunue au asinunue, naandika yote hapa.

Niliinunua imeshatumika na aliyeniuzia aliniambia hali ya hewa imo humo humo, mvua unaiona kwa rangi juu ya ramani. Jamani hiyo ni kweli ukiwa Marekani. Kule unalipia redio ya setelaiti ya SiriusXM kila mwezi, au unapata bure FIS-B, yaani taarifa za hali ya hewa zinazorushwa kwa redio na minara ya chini, na zote mbili zinataka kipokezi kingine pembeni. Huku kwetu minara hiyo haipo na setelaiti yao haitufikii, kwa hiyo mvua kwenye skrini yangu sijaiona hata siku moja. Iliniuma sana maana ndicho kitu kilichonifanya nitoe hela. Na hata wenzetu wenye hiyo huduma, mwaka 2012 NTSB, wale wachunguzi wa ajali wa Marekani, iliwaonya kwamba picha ya mvua inaweza kuwa ya zamani kwa dakika 15 mpaka 20 kuliko muda ulioandikwa kwenye skrini, na dakika 20 kwa wingu la radi ni nyingi mno.

Sasa milima. Hapo aisee hela yangu imerudi yote. Ardhi iliyo chini yako kwa pungufu ya futi 1,000 inapakwa njano, ikibaki futi 100 au ikiwa juu yako inakuwa nyekundu, na ukiunganisha hedseti inakuambia kwa sauti. Wote tunaoruka huku tunaikumbuka Novemba 2017, ile ndege ya Cessna Caravan iliyotoka Kilimanjaro kwenda Serengeti ikagonga kule kreta ya Empakai, watu 11, hakuna aliyepona. Tangu siku ile siivuki ile miinuko nikiwa nimetulia moyoni.

Julai mwaka jana asubuhi nilikuwa peke yangu na mboga na mayai ya kambi, naelekea Seronera, katikati ya Serengeti. Mnajua mawingu ya mwezi wa saba, yanakaa kwenye ukingo wa Ngorongoro mpaka saa nne saa tano, na ukingo wenyewe uko kama futi 7,500. Nimefika juu ya Karatu naona mbele kama pana mwanga, kama kuna uwazi kati ya wingu na mlima, nikasogea kidogo, nikasogea tena kidogo, chini nayaona mashamba vizuri kabisa kwa hiyo akili inakuambia uko salama, kumbe mashamba yenyewe yanapanda na mimi siyaoni yakipanda. Kutupa jicho kwenye skrini mbele yote njano na nyekundu inaanza kuchungulia kwa juu. Nikakata kushoto muda ule ule nikashuka kuelekea ziwa Eyasi, kule ardhi iko chini kama futi 3,400, nikazunguka mlima Oldeani kwa kusini, nikatokea Ndutu. Dakika kadhaa zaidi na mafuta kidogo basi. Kwa macho peke yake ningegeuka pia, ila ningegeuka nimechelewa, na pale bonde linabana.

Vitu vya kuzoea vipo. Futi za GPS na za altimeta, ile saa ya kimo inayopima kwa mgandamizo wa hewa, hazilingani, siku ya joto ukiwa juu GPS inakuonyesha uko juu zaidi hata kwa futi 300 au 400, usishtuke na usianze kuruka kwa futi za GPS, redioni wenzako wote wanataja za altimeta. Halafu viwanja vyetu vya porini vingi havimo kwenye databesi yake, ukiwa unatua yenyewe inaona unaishushia ndege kwenye ardhi tu, inapiga kelele mpaka unaizima, na ukiizima KUMBUKA kuiwasha ukiruka tena, mimi niliwahi kwenda nusu ya safari imezimwa. Skrini ya kugusa mchana hewa ikianza kurusha ndege ni shida, kidole kinaangukia pengine, kwa hiyo njia yote naipanga nikiwa bado chini. Betri ikiwa mpya ni kama saa nne, yangu haifiki tena, nachomeka muda wote. Na usiiache juani juu ya dashibodi ndege ikiwa imepaki.

Kwa mvua nafanya hivi: kabla ya kuwasha injini naangalia kwenye simu picha za setelaiti za Meteosat, zinatoka kila dakika 10 au 15, unaona wingu linakua wapi, na ripoti ya hali ya hewa ya uwanja wa Kilimanjaro (KIA) na ya Mwanza. Katikati hapo porini hamna ripoti, kwa hiyo napiga simu kambini naongea na dereva anayekuja kunipokea. Simuulizi hali ya hewa ikoje maana atasema nzuri, namuuliza kilima fulani unakiona mpaka kileleni? Juzi dereva wa Ndutu kaniambia kilima cha Naabi hakionekani kabisa. Nikakaa Arusha saa moja na nusu, nikanywa chai, nikampigia tena, kaniambia sasa nakiona chote, ndio nikawasha.