Alama mbili za taa chini ya mwembe: uzoefu wangu wa kusomea sanaa za maonyesho

Alama mbili kati ya kumi. Ndizo nilizopewa kwenye kipengele cha taa, katika onyesho la mtihani lililofanyika saa tisa alasiri, nje, chini ya mwembe, na jua la Dar linachoma kama lina ugomvi na sisi. Taa haikuwepo. Soketi haikuwepo. Hata waya wa kusingizia haukuwepo. Lakini fomu ya kusahihishia ilikuwa na kisanduku kilichoandikwa "Matumizi ya taa", na kisanduku lazima kijazwe. Mpaka leo najiuliza hizo mbili nilizipata kwa lipi.

Chuo sikitaji, msiniulize. Ada, sifa za kujiunga na orodha ya kozi viko kwenye tovuti, mtu akitaka ataviona. Mimi nina shida na ile sentensi iliyonifanya niijaze shahada hii huku nyumbani wanataka niende ualimu: kwamba idara "inaunganisha nadharia na vitendo". Basi nadharia ipo. Tena ipo ya kushiba.

Hapo sitawasema vibaya, maana mihadhara ilikuwa mitamu. Mwaka wa kwanza tulibishana mpaka mishipa ya shingo ikasimama juu ya lile swali lisilokufa: je, Afrika ilikuwa na drama kabla ya Wazungu? Ruth Finnegan, mtafiti wa fasihi simulizi, aliandika mwaka 1970 kwamba drama si jambo lililoenea sana Afrika, na mwalimu wetu akaiweka hoja hiyo ubaoni, akavuta kiti, akanyamaza. Kijana mmoja Mmakonde akasimama, akaeleza mapiko, ngoma ya barakoa ya kwao: barakoa inavyotoka, anayeivaa anavyotembea, watoto wanavyotimua mbio na kurudi kuchungulia. Akamaliza kwa kuuliza, sasa hiyo kama si drama, mnaiitaje? Darasa zima likapiga meza. Ukija kwa Brecht wa Ujerumani, ukija kwa Boal wa Brazil na mtazamaji wake anayepanda jukwaani kubadilisha mambo, ukija kwa ngonjera za Mathias Mnyampala zilizobeba Ujamaa baada ya Azimio la Arusha, unatoka darasani unatembea unaongea peke yako. Sijawahi kupiga msuli kwa raha kama miaka ile.

Vitendo sasa. Vitendo vilikuwa na ufunguo, na ufunguo ulikuwa na mzee wa ofisi ya kumbi.

Kundi letu lilipangiwa sehemu ya Kinjeketile, tamthilia ya Ebrahim Hussein kuhusu Vita vya Maji Maji, pale Kinjeketile anapovutwa na pepo kuingia majini, watu wanabaki ukingoni wakingoja, kisha anatoka mkavu. Ukiisoma tu unajua hiyo ni kazi ya taa. Mimi ndiye niliyekuwa mbunifu wa taa. Nilichora mpango wangu wote: bluu kutoka ubavuni iwe mto Rufiji, giza la kati pale anapozama, halafu mwanga mmoja mkali wakati anatoka, ili mtazamaji aone nguo hazidondoki maji. Wiki kadhaa nilikuwa napanda ngazi na kushuka kwenye ule ukumbi, tena kwa kuvizia, kwa sababu kila tukienda tunaambiwa mwenye ufunguo katoka. Kaenda wapi? Katoka.

Asubuhi ya mtihani tukakuta ukumbi umejaa viti vilivyovishwa vitambaa vyeupe na maputo ya dhahabu. Umekodishwa. Semina ya wajasiriamali, sijui na chakula cha mchana. Tukaenda ofisini, tukaingia kwa adabu zote. "Shikamoo mzee." Hakuitikia. Nataka mnielewe hapa, hakuitikia shikamoo ya watu sita waliosimama mbele ya meza yake, mmoja wao kavaa kaniki tayari na kapakwa majivu usoni. Aliendelea kuandika kwenye daftari lake, akafunga kalamu, akasema:

"Nyie watoto wa maigizo mna shida gani? Si mnaweza kuigizia hata chini ya mwembe?"

Basi. Akatuonyesha mlango kwa kidevu.

Ningeweza kumsamehe mzee. Yeye kazi yake ni viti na risiti, hajasomea haya mambo. Aliyeniua ni mwalimu wetu. Tulimkimbilia tukijua atawaka, atapiga simu, atagonga meza ya mtu. Akatusikiliza, akavua miwani, akaanza kutufundisha Grotowski! Pale pale koridoni. Kwamba mwongozaji Jerzy Grotowski wa Poland alituthibitishia kuwa sanaa ya maonyesho inaweza kuishi bila taa, bila mapambo, bila vipodozi, ila haiwezi kuishi bila mwigizaji na mtazamaji wake. Kwa hiyo hii ni fursa. Nendeni mwembeni.

Jamani. Nimemsoma Grotowski, tena kwa sababu ya mwalimu huyo huyo. Sanaa yake aliiita maskini, lakini umaskini wa Grotowski ulikuwa wa kuchagua. Waigizaji wake, kuanzia Opole mpaka Wrocław, walinoa mwili na sauti kwa miaka, kila siku, ndani ya chumba chao wenyewe. Aliondoa taa baada ya kuwa nazo. Sisi tuliondolewa ukumbi kwa ajili ya maputo. Mtu anayechukua nadharia ya watu waliokesha mazoezini akafunikia bajeti iliyoliwa na kodi ya ukumbi, huyo hanifundishi, ananifunga mdomo. Na hiyo ndiyo niliyoiona idara nzima, kila palipokosekana kifaa palitokea nadharia. Hakuna maleba, yaani mavazi ya kuigizia? Brecht hataki mtazamaji adanganyike. Hakuna jukwaa? Bibi zetu walisimulia hadithi jikoni. Nilikuwa nasubiri siku watakayokosa wahadhiri, nisikie nani atanukuliwa.

Tukaenda mwembeni. Rufiji ikawa kanga za mama yangu, doti ya bluu niliyokuwa nimeibeba kwa ajili ya Bibi Kinjeketile kujitanda, wenzangu wawili wameshika pembe wanaitikisa chini kwa chini. Waliokuja kutazama si wanafunzi peke yao. Wakaja bodaboda wa getini, wakaja wauza mihogo, wapishi wa kantini wakasimama na miiko mkononi. Kinjeketile alipozama chini ya kanga, muuza mihogo mmoja akasema kwa sauti, "Huyo harudi." Na aliporudi, akasimama wima, bodaboda mmoja akapita katikati ya waigizaji, akamshika kaniki, akaigeukia hadhira na kutangaza: "Mkavu!" Watu wakashangilia mpaka wahadhiri wakasahau kuandika.

Ndiyo, ilikuwa nzuri. Pengine nzuri kuliko bluu yangu. Na hilo ndilo linalonichoma zaidi, kwa sababu tangu siku ile mwembe umekuwa ushahidi. Madarasa yaliyotufuata yanapelekwa mwembeni na kuambiwa wenzenu waliweza. Na mimi niliyebuni taa nikawekewa mbili. Nilikwenda kuomba isahihishwe, nikaambiwa fomu ni ya kitivo, haibadilishwi na idara. Wengine kwenye kundi walipanda, mimi GPA yangu ikashuka kwa kukosa kuwasha taa kwenye mti.

Rafiki yangu aliyekwenda Bagamoyo, pale TaSUBa, taasisi ya sanaa, alikuwa akinisimulia habari za ngoma kila siku mpaka viganja vinaota sugu. Nilimwonea wivu. Naye akawa ananionea wivu vitabu. Basi kila mtu na lake.

Nilitaka niishie hapo kwa kuwaambia msijaze, fungeni ukurasa. Lakini nitakuwa mnafiki nisiposema habari za kijijini. Mwaka wa mwisho tulipelekwa wilaya ya Kisarawe kwa sanaa ya maonyesho kwa maendeleo, njia ile ile ambayo kina Penina Mlama, msomi wa sanaa za maonyesho, waliifanyia kazi kijijini Malya, Mwanza, mwanzoni mwa miaka ya 1980. Hufiki na igizo mkononi. Unafika unauliza, unakaa vibarazani, unachota maji na wenyeji, mnachambua nao tatizo, igizo linazaliwa hapo, mkimaliza kucheza ndipo mjadala wenyewe unaanza. Kwao tatizo lilikuwa pampu ya maji iliyokufa na pesa za kamati zisizojulikana ziliko. Mwenzetu alikuwa anaigiza mwenyekiti wa kamati, kakaa kwenye kigoda, anajibu hoja. Mama mmoja akanyanyuka kwenye mkeka, akamwambia, "Toka baba, hukai hivyo." Akachukua kigoda, akakunja nne, akaweka kiganja sikioni kama simu, akaanza kuitikia "naam mheshimiwa, naam mheshimiwa" huku wanaomuuliza habari ya maji anawapungia mkono wasubiri. Kijiji kilicheka mpaka watu wakashikana. Mwenyekiti mwenyewe alikuwepo, mstari wa mbele. Akacheka kidogo, kisha akaacha, na kabla jua halijazama alikuwa amesimama anataja kiasi kilichobaki kwenye mfuko.

Huwezi kuisoma hiyo kwenye desa la mtu. Na aliyetupeleka, akalala nasi kwenye sakafu ya darasa la shule ya msingi na mbu wake, ni yule yule mwalimu wa Grotowski. Sasa nimchukieje?

Kwa hiyo sijui. Ungeniuliza wakati naanza kuandika ningesema usiende. Sasa nasema nenda, kama nyumbani wana uwezo wa kukuongezea, maana bumu, yaani pesa ya mkopo wa kujikimu, halitoshi maleba na nauli za mazoezi, na kama una roho ya kugombania chumba tangu wiki ya kwanza. Ila kama ndoto yako ni taa, sauti au mapambo ya jukwaa, usiende. Nimesema. Kwa kuigiza na kuandika, nenda. Kwa taa, hapana, hapana kabisa, labda kama unataka kusomea mwezi na jua.

Na kama kuna wa idara anasoma hapa: ile doti ya kanga ya bluu ilichukuliwa siku ile ile ikaingizwa stoo ya maleba, kwamba ingerudishwa baada ya matokeo. Mama bado anaiulizia. Nimefuatilia, nimeambiwa mwenye ufunguo wa stoo katoka.